Barua ya wazi kwa wakuu wa kilimo: Namikonga ilitunzwa na nani?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Waheshimiwa wabunge wa kamati inayosimamia kilimo,
Wakuu wa TARI (utafiti wa kilimo), TOSCI (uthibitisho wa mbegu) na TPHPA (afya ya mimea),

YAH: VIJITI VYA MUHOGO AMBAVYO HAVIMO KWENYE DAFTARI LENU

Shikamooni kwa wanaostahili, na salaam kwa wengine, maana najua baadhi yenu mna umri wa wanangu. Mimi ni bwana shamba mstaafu. Nimeitumikia serikali miaka thelathini na miwili, mingi ikiwa mikoa ya kusini, na sasa nalima ekari tatu Muheza, chini ya milima ya Usambara. Sijashika kalamu kulalamikia kiinua mgongo. Nataka tuzungumze muhogo.

Najua muhogo hauna heshima vikaoni. Huja baada ya mahindi, mpunga, korosho na siku hizi parachichi, kule kwenye "mengineyo", wakati wajumbe wameshaanza kukusanya makaratasi. Nami nilikuwa hivyohivyo. Naomba nianze na kosa langu mwenyewe, ili msije mkadhani natoa hotuba.

Mwaka 1988 nilipangiwa kijiji kimoja kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Nilikuwa kijana, nina baiskeli ya serikali na maelekezo yaliyopigwa chapa: shamba moja, aina moja, mistari iliyonyooka. Aina ya muhogo tuliyokuwa tunaihimiza ilikuwa nzuri kweli, inawahi kukomaa na ukiichemsha inavimba na kuchanua. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye shamba lake lilinikera kila nilipolipita. Nilihesabu aina tisa zimechanganyika. Vikonyo vyekundu hapa, vya kijani pale, majani mapana, majani membamba kama vidole vya mtoto, mingine mirefu kupita paa la banda lake. Nikamwambia bibi, ng'oa hii yote, panda hii mpya. Akanijibu, "Sawa, mwanangu." Akapanda mistari miwili ya muhogo wangu pembeni mwa njia, pale ninapopita na baiskeli. Ndani hakugusa kitu.

Msimu wa pili nikaenda kwake wakati wa kuvuna. Muhogo wangu ulikuwa umesimama vizuri, majani yamejaa, ukiutazama huoni shida yoyote. Bibi akang'oa shina moja, akaweka mzizi juu ya gogo na kuukata kwa panga, si kwa urefu bali kwa mapana, kama mtu anayekata mkate. Ndani palikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, yanayovunjika kama kizibo cha chupa. Akakata tena mbele kidogo, mabaka. Akakata tena. Hakusema neno. Akaenda nyuma ya jiko, akang'oa shina jingine, jembamba, lenye mizizi mitatu tu ya kujitambulisha, akakata. Nyeupe pee.

"Hii Namikonga," akasema. "Haizai sana. Lakini haiozi."

Jioni ile niliandika taarifa yangu ya mwezi, na katika safu ya changamoto nikaandika kwamba mkulima yule ni mgumu kubadilika. Taarifa ile bila shaka ililiwa na mchwa zamani. Ningependa kuamini hivyo.

Ugonjwa ule tunauita michirizi ya kahawia. Batobato, ndugu yake, ni muungwana kwa upande mmoja: majani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano, ukiuona tu unajua. Michirizi haina adabu hiyo. Mara nyingi shina linakuchekea mwaka mzima, na habari mbaya unaipata siku ya kuvuna, wakati huna tena cha kufanya. Yote mawili hubebwa na nzi weupe, na yote mawili husafiri ndani ya vijiti tunavyopeana. Hili la vijiti nitalirudia, maana ndipo mnaponishika.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nimeona mihogo mingi imeoza, ndipo nikaijua historia ya Namikonga. Na imenifanyia mzaha: haikuanzia kusini kabisa. Ilianzia huku ninakoishi sasa, juu ya mlima ninaouona nikitoka mlangoni. Amani.

Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kisha kikawa chini ya Waingereza. Ni hapo ambapo mtafiti H. H. Storey alieleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, ugonjwa huu wa michirizi. Mwaka uliofuata, yeye na R. F. W. Nichols wakaanza kutafuta muhogo usioshikwa. Walikusanya aina za muhogo wa kila namna, lakini kinga waliyoitaka ilikuwa haba. Ndipo wakageukia mpira. Wasomaji wa bara huenda wasiujue: ni ule mti wa pwani tunaoufanya ua wa nyumba, unaotoa utomvu mweupe, na majani yake machanga ndiyo kisamvu cha mpira, ambacho kwa maoni yangu kikipikwa na nazi na karanga kinakishinda kisamvu cha muhogo mara mbili. Mti huo ni ndugu wa porini wa muhogo, umeletwa kutoka Brazili kwa ajili ya biashara ya mpira, na biashara ilipokufa ukabaki uani. Hauna mizizi ya kula. Lakini ulikuwa na kinga.

Wakauzalisha na muhogo, wakapata chotara wenye mizizi kama kamba, wakawarudisha tena kwa muhogo, na tena, miaka ikaenda. Kazi ikaendelezwa na D. L. Jennings. Katika watoto waliopatikana kulikuwa na mmoja aliyepewa namba 46106/27. Katika miaka ya 1950 kazi ya muhogo pale Amani ikasimama. Mafaili yakafungwa. Lakini vijiti vya muhogo havina tabia ya kungoja mafaili. Vilishapelekwa vituo vya majaribio vya pwani, na vikiwa huko vikaruka uzio kama vinavyoruka siku zote: kibarua kaondoka na kimoja, shemeji yake kaomba viwili. Namba ikapotea njiani. Kusini mwa Tanzania mche ule ukapata jina la Namikonga. Pwani ya Kenya ukaitwa Kaleso. Vipimo vya vinasaba vya miaka ya karibuni vimeonesha kwamba Namikonga na Kaleso ni mche mmoja, na ndio ule 46106/27.

Waheshimiwa, naomba mtulie hapo kidogo. Kitu kilichogharimu miaka mingi ya kazi ya wanasayansi kilitunzwa kwa karibu nusu karne bila mradi na bila mtu hata mmoja anayelipwa kukitunza. Kilitunzwa nyuma ya majiko, na watu tuliowaandika kwamba ni wagumu kubadilika. Michirizi ilipoanza kuenea Uganda kuanzia mwaka 2004, kwenye nyanda za zaidi ya mita elfu moja ambako tulikuwa tukifundishwa kwamba haifiki, watafiti walihitaji kinga kwa haraka. Wakaikuta shambani. Leo Namikonga ni mzazi katika kazi ya kuzalisha mihogo mipya katika nchi kadhaa.

Na si Namikonga tu. Katika miaka hiyohiyo ya 1950, mbegu za uzao wa Amani zilipelekwa Nigeria, na kutokana nazo ukachaguliwa mche uliopewa namba 58308. IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, ilipoanza kazi yake Ibadan, ilitumia mche huo kuzalisha mihogo inayostahimili batobato. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali, kirusi kilichotokana na kuungana kwa vipande vya virusi wawili, kililipuka Uganda. Huko Teso, mashariki mwa Uganda, watu walikuwa wamependa mno aina moja, Ebwanateraka, na mashamba ya Ebwanateraka yakafutika karibu yote. Watu walikufa kwa njaa. Muhogo uliosaidia kuwanyanyua ni ule uliotoka Nigeria, ukiwemo TMS 30572 ambao Waganda wanauita Migyera. Yaani kinga ilitoka kwenye huu mlima wa kwetu, ikaenda Afrika Magharibi, ikarudi ziwani kuokoa watu. Kama mwaka 1955 mtu mmoja Amani angesema vitu hivi havina faida, tupeni, sijui Teso wangekula nini.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu inayouzwa iwe ya aina iliyosajiliwa. Hata zile mbegu za kuazimiwa ubora, mlizoziweka ili vikundi vya wakulima navyo viweze kuzalisha na kuuza, lazima ziwe za aina iliyomo kwenye orodha ya taifa. Namikonga ya bibi yule, na nyingine nane shambani kwake, hazikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. (Wengi wanachanganya sheria hii na ile ya 2012 ya haki za wagunduzi wa mbegu, iliyotuingiza UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 2015. Ile ni ya kulinda aina mpya za waliozizalisha. Ina matatizo yake, lakini leo siyo ugomvi wangu.)

Nitawatetea kidogo kabla sijawasema. Mnaposema vijiti vikisambazwa kiholela vinasambaza magonjwa, mnasema kweli. Amani yenyewe ni shahidi: mwaka 1934 vipando vilivyotoka hapo vilipeleka michirizi Uganda, ikabidi mimea ing'olewe na kuteketezwa. Mimi mwenyewe nimebeba vijiti kwenye baiskeli ya serikali kutoka kijiji chenye ugonjwa mpaka kijiji kisicho nao, nikiwa na barua ya ruhusa mfukoni. Kwa hiyo simtetei anayepakia fuso la vijiti vilivyooza na kuviuza mnadani.

Lakini ukaguzi wa ugonjwa ni jambo moja, na kuuliza kama mche una cheti cha kuzaliwa ni jambo jingine. Sheria yetu imeyafunga pamoja kwa kamba moja. Kijiti cha aina ya asili kinaweza kuwa kizima kabisa na bado hakiuziki kihalali. Kwa mtama na maharage mnatuambia aina za asili hazisajiliki kwa sababu hazifanani zote, mche huu mrefu, ule mfupi. Haya. Muhogo basi? Kijiti cha muhogo ni nakala ya mama yake, kinafanana naye kuliko pacha. Kwenye kufanana na kutobadilika hauna kasoro. Unachoshindwa ni gharama za majaribio na swali dogo sana: nani ataomba? Kampuni haiwezi kuomba kitu ambacho kila mtu anacho bure. Bibi hajui kwamba kuna fomu.

Na inawezekana kufanya vinginevyo, mmeshafanya. Kiroba ulikuwa muhogo wa watu wa Pwani, haukuzalishwa na mtafiti yeyote. Watafiti waliuona unavumilia michirizi, wakaupima, wakausafisha, wakaupeleka kwa wakulima. Huo ndio mfano ninaowaomba muufuate kwa makusudi, badala ya kuungoja utokee kwa bahati. Majirani zetu wamefika mahali pao kwa njia ya ugomvi: mwishoni mwa 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba vifungu vilivyomfanya mkulima kuwa mhalifu kwa kugawana na kuuza mbegu zake za asili vinakwenda kinyume cha katiba. Sisi hatuna haja ya kufikishana huko. Tanzania ni mwanachama wa ule mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 wa vinasaba vya mimea kwa chakula na kilimo, na kifungu chake cha 9 kinazungumzia haki za wakulima. Tuliukubali wenyewe, hatukushikiwa bunduki.

Ninachoomba ni daftari. Daftari la pili, la aina za wakulima, lisilodai majaribio ya misimu na misimu: jina la aina na majina yake mengine, picha, rangi ya kikonyo na ya ganda, kijiji ilikotoka, nani anaitunza, inaliwaje. Mtamu wa kuchemsha au mchungu wa makopa, hili msilisahau, mtu aliyekosea hapo amewahi kuzika watoto. Kisha aina iliyomo kwenye daftari hilo iruhusiwe kuzalishwa na kuuzwa na vikundi, mradi afisa ugani au mkaguzi wa TOSCI amepita shambani na kuthibitisha haina batobato wala michirizi. Kagueni ugonjwa, jina tuachieni sisi. Majina yetu yana kazi: Albert, Nachinyaya, Kibandameno, kila moja limebeba habari ambayo namba haiwezi kubeba. Huyo Kibandameno nadhani alibatizwa na mtu ambaye bado anatafuna.

Jambo la pili linahusu benki yetu ya vinasaba kule Arusha. Sina ugomvi nayo, nimeitembelea na nimewaheshimu waliomo. Mbegu za mtama, kunde, ulezi na mpunga zikikaushwa vizuri na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri zinakaa miaka mingi. Zile zinazopelekwa kwenye ghala la mbegu la dunia kule Svalbard, Norway, ndani ya mlima ulioganda, zinakaa hivyohivyo, na kwa watu wa ICARDA, kituo cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, waliokimbia vita Syria akiba ile iliwafaa, wakaichukua mwaka 2015 na kuanza upya. Lakini Namikonga huwezi kuikausha ukaiweka kwenye bahasha. Ukipanda mbegu yake ya kweli, ile inayotoka kwenye tunda, utapata mtoto mwenye sura yake mwenyewe, hutampata Namikonga. Muhogo unatunzwa ukiwa hai, ama kwenye miche midogo ndani ya chupa za maabara, ama shambani. Chupa zinataka umeme usiokatika na mtu wa kuzihamisha kila baada ya muda. Shamba la serikali linataka fungu la palizi, na nyie mnajua vizuri kuliko mimi fungu la palizi hutoka mwezi gani.

Shamba la mkulima halingoji fungu. Kwa nini basi wale ambao tayari wanatunza aina kumi, kumi na tano, wasitambuliwe kuwa ni sehemu ya benki, wakalipwa posho ndogo, wakatembelewa mara mbili kwa mwaka? Bei ya shangingi moja jipya ingewalipa hamsini kwa miaka kadhaa. Fanyeni hesabu wenyewe, mimi nimeshaifanya.

Na kinachochukuliwa kijijini kirudi kijijini kikihitajika. Miaka kadhaa iliyopita walikuja vijana kutoka taasisi moja, sitaitaja, wakachukua vijiti vya aina tano shambani kwangu. Wenye adabu, walikula na sisi. Ukame uliofuata ulinimalizia aina mbili kati ya zile tano, nikapiga simu kuomba angalau vijiti viwili vya kila moja. Nikaulizwa, "Namba ya sampuli ni ngapi, mzee?" Sikuwa na namba. Nilikuwa na jina. Wao walikuwa na namba, hawakuandika jina. Tukaagana kwa heshima, na mpaka leo aina zile mbili ziko mahali fulani ndani ya chupa, zikiwa hai, na mimi sina. Karatasi moja ingetosha siku ile: tumepokea kwa fulani, aina hii, jina hili, na hii ndiyo namba yake. Nakala kwake.

Nimeongea muhogo peke yake kwa sababu ndio ninaoujua mpaka kwenye mzizi. Mtu wa Kyela awaandikie kuhusu mpunga wake, na wa Kagera kuhusu migomba, wana maneno mazito kuliko yangu.

Kwa upande wangu, nina aina kumi na moja sasa hivi. Nane kati ya hizo naweza kuzipata kwa jirani nikipoteza. Mbili sijaziona kwingine katika tarafa nzima. Ya kumi na moja ina vikonyo vyekundu na ganda la ndani lenye rangi ya waridi, tunaiita kwa jina la marehemu mzee aliyekuja nayo kutoka mashamba ya mkonge, na imebaki shina moja, karibu na choo. Niliikata kidogo mwaka jana ikanipa vijiti vinne, mchwa wakala vitatu. Mwezi wa tatu, masika yakianza, nitalikata tena. Nikibahatika nitapata vijiti sita, labda saba. Kivulini havikai zaidi ya wiki chache kabla ya kukauka, kwa hiyo anayekuja na daftari aje mapema. Viwili nitampa. Aje na kalamu, aandike jina pamoja na namba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Bwana shamba mstaafu,
Muheza, Tanga